Kijiti cha Baba

Mume wangu hakuwahi kuacha kitu chochote kishuke chini ya nusu. Gari likifika nusu tangi, analipeleka kujaza hata kama safari ni ya kwenda dukani na kurudi. Mtungi wa gesi alikuwa akiunyanyua na kuutikisa, pipa la maji analigonga kwa vidole kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Hata kopo la chumvi alikuwa akilichungulia. Majirani wakambandika jina la Mzee Nusu, naye akaliitika bila kununa. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba siku yake ikifika atamwomba mtoa roho asubiri kidogo, akague pipa kwanza.

Alikuwa rubani wa ndege ndogo maisha yake yote ya kazi. Tulipokuwa wachumba aliniambia kwamba ndege hizi mara nyingi haziangushwi na mambo makubwa, si radi wala si dhoruba. Zinaangushwa na mtu mzima, mwenye akili zake timamu, aliyedhani mafuta yapo.

Nayasema haya mapema ili ijulikane nilikuwa nikilinda nini. Mwanetu wa kwanza, rubani kama baba yake, alifariki baada ya ndege yake kuishiwa mafuta angani, na kilichomponza ni kitu alichopewa na baba yake kwa mapenzi. Mimi nilijua. Mume wangu hakujua, nami niliapa kwamba atakwenda kaburini bila kujua.

Kitu chenyewe ni kijiti. Kipande cha mti mgumu, urefu wa mkono wangu, kimelainishwa kwa msasa hadi kinateleza, na ubavuni kina alama zilizochomwa kwa msumari wa moto. Kwenye ndege hizi mishale ya mafuta pale mbele ya rubani haiaminiki sana, mara inacheza, mara inaganda. Kwa hiyo kabla ya kuruka rubani anapanda juu, anafungua kifuniko cha tangi lililomo ndani ya bawa, anatumbukiza kijiti, anakitoa, anaangalia kimelowa mpaka alama gani. Mume wangu alikitengeneza chake mwenyewe. Alianza na tangi tupu, akamimina mafuta kidogo kidogo, na kila alipomimina akaweka alama. Alikitumia kwenye ndege moja miaka mingi, na hakuna siku kilimwangusha.

Macho yake yalipoanza kufifia akastaafu. Jioni hiyo hiyo, mezani, akamkabidhi mwanetu kijiti kikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa niliomshonea mimi, maana mimi ni fundi cherehani na ndani ya nyumba yangu hakuna kitu kinachokaa uchi.

"Mshale unadanganya," akamwambia. "Hiki hakidanganyi. Usiruke bila kukitumbukiza."

Mwanangu, ambaye alikuwa mtu wa mzaha tangu anaota meno, akakibusu kijiti na kusema akioa atalala nacho katikati. Nikamrushia kitambaa cha vyombo. Akakidaka, akakivaa kichwani, akapiga saluti. Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka.

Siku ya ajali tuliambiwa kwa simu kwamba injini ilizima, kwamba ametua kwa dharura shambani, na kwamba abiria wote wako hai. Nikauliza, "Na rubani?" Aliyepiga simu akaanza kuniita mama, mama, na mimi nikajua. Ndege ilikuwa imekwenda vizuri juu ya mazao mpaka ikakutana na ukingo wa mfereji, na upande uliopiga ule ukingo ulikuwa wake. Wote waliokuja kutupa pole waliniambia alitua vizuri. Alitua vizuri sana, mama. Utafikiri walikuwa wananirudishia mwanangu.

Msiba ulipotulia akaja mkunga mmoja, mwanamke wa makamo, mkono wake ukiwa kwenye plasta. Alikuwa abiria wa kiti cha mbele, bega kwa bega na mwanangu. Mume wangu alimkalisha katikati yetu, akamwekea mto chini ya ule mkono, akamwomba asitufiche kitu.

"Mimi ni mtu wa kuuliza uliza, mnisamehe," mkunga akasema. "Nikaona mishale ya mafuta imeshuka. Nikamwambia, mwanangu, mbona hivi? Akacheka. Akasema, 'Mama, hiyo usiiangalie, itakupa presha bure. Nimepima mwenyewe kwa kijiti cha baba. Mafuta yapo.'"

Mume wangu akainamisha kichwa. Aliona fahari, nilimwona.

"Halafu ikakohoa," mkunga akaendelea. "Ikarudi. Ikakohoa tena, ikanyamaza kabisa. Akaanza kubonyeza hiki, anavuta kile, anageuza hiki, anarudi kwa kile cha kwanza. Anasema, 'Mafuta yapo. Mafuta yapo. Kwa nini huwaki?' Kushoto kwetu chini niliona malisho mapana, tambarare kama meza. Nikayaona yanakuja, nikayaona yanapita, na yeye bado yuko na zile swichi. Alipokuja kuziacha, tulikuwa tumeshashuka sana. Ndipo akatugeukia. Akasema tuvue miwani, tukaze mikanda, tuiname. Akaniambia nifungue mlango wangu na kuuzuia kwa kiatu usije ukajibana. Sauti yake ilikuwa ya taratibu kabisa. Hivyo ndivyo mimi ninavyomwambia mzazi asukume."

Hapo akalia, nasi tukalia naye.

Alipoondoka, mume wangu akanigeukia. Uso wake ulikuwa na kitu nilichokuwa sijakiona tangu mazishi, kama mtu aliyepata pa kushika.

"Umesikia, mama watoto? Alipima. Mafuta yalikuwepo. Basi ni injini."

Kuanzia siku hiyo akamnunia fundi wa injini wa kampuni ile, rafiki yake wa tangu ujana, mtu aliyekula kwenye sahani zangu mara nyingi kuliko baadhi ya ndugu zangu. Fundi alipokuja kutuona, mume wangu alitoka kwa mlango wa nyuma. Yule mzee akakaa sebuleni peke yake na chai yake mpaka ikapoa, akaniaga, akaenda zake.

Kisha akaja mchunguzi wa ajali. Mume wangu alikuwa amepelekwa kliniki ya macho na binti yetu, kitinda mimba, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na cherehani. Alikuwa kijana mpole, viatu vimejaa vumbi, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki unaoonyesha. Ndani yake nilikiona kijiti. Hakikuwa hata na mkwaruzo. Mfuko wangu wa kitambaa ulikuwepo pia, umelowa mafuta na kukauka.

Akaniomba sufuria pana, jagi jembamba, na maji. Nikadhani kijana wa watu kachanganyikiwa, lakini nikampa. Akamimina maji kwenye vyote viwili, akasimamisha penseli yake kwanza kwenye sufuria, halafu kwenye jagi. Ikalowa mpaka mahali pale pale.

"Kwa penseli hii, mama, vyombo hivi viko sawa," akasema. "Lakini mwenye jagi ana maji kidogo sana."

Akanieleza taratibu. Ndege ya siku zote, ile aliyorithi kwa baba yake, ilikuwa karakana kwa matengenezo. Mwanangu akapewa nyingine, ambayo kampuni iliinunua baada ya mume wangu kustaafu. Kwa nje ni pacha. Ndani, ile ya zamani ina matangi marefu yanayokwenda karibu na ncha ya bawa, na ile mpya ina matangi mafupi yanayoishia katikati. Kina ni kile kile. Kijiti kikasema mafuta ya safari nzima yapo, na matangi yalikuwa na ya kufika zaidi kidogo ya nusu ya njia.

"Kila ndege ina kijiti chake," akasema kijana. "Cha ile kilikuwepo. Tumekikuta nyuma ya kiti chake. Hakukigusa."

Mimi nashona nguo. Nimewahi kuwashonea mapacha waliozaliwa tumbo moja, wanaofanana mpaka mama yao anawachanganya, na kila mmoja nikampima kivyake. Nilikaa nikiitazama ile penseli, futi yangu ya kupimia ikining'inia shingoni, nikasikia moyo unanipasuka. Si kwa ajili ya mwanangu peke yake. Niliona tayari yule mzee akirudi kutoka kliniki na dawa zake za macho.

"Baba ana haki ya kuelezwa," kijana akasema.

"Baba ana mtoto chini ya ardhi," nikamjibu, na nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili. "Haki nyingine atakuja kuidai baadaye. Wewe waeleze kampuni, waeleze marubani wote wa dunia hii. Mume wangu niachie mimi."

Akanywa maji ya lile jagi, maskini, sijui hata kama alijua anafanya nini, akaondoka.

Kijiti alichoniachia nikakificha chini kabisa ya sanduku la vitambaa. Mume wangu aliporudi nikamwambia mchunguzi alipita na bado wanachunguza. Akauliza habari za kijiti. Nikasema kimepotea kwenye ajali.

"Basi kimeondoka naye," akasema. "Afadhali. Hakwenda peke yake."

Niliingia jikoni nikauma taulo ili asinisikie.

Ningeweza kuishi hivyo, nadhani. Watu wanaishi na makubwa zaidi. Lakini binti yetu naye alikuwa akisomea urubani, amebakiza kidogo amalize, na alikuwa ameacha masomo kwa sababu ya msiba. Siku moja akatuambia anarudi, na akimaliza atakwenda kuanzia kwenye kampuni ile ile ya kaka yake. Nilipandwa na hasira mpaka nikaona kizunguzungu. Nikamwambia labda apite juu ya maiti yangu.

"Mama," akasema, "nikiacha sasa, nitamwogopa kaka kila nikitazama juu. Sitaki kumwogopa."

Ukweli ni kwamba alikuwa amechukua kichwa changu kigumu, kwa hiyo nilijua nimeshindwa. Lakini aliyenishangaza ni baba yake. Tangu msiba alikuwa mtu wa kiti kimoja. Siku ile akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kipande cha mti mgumu na msasa. Akakaa nacho barazani kutwa nzima akikilainisha.

"Unafanya nini?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimeshaona.

"Cha mdogo wake," akasema. "Alama nazikumbuka zote. Nitazikumbuka hata nikisahau jina langu."

Kisha akanyoosha mkono, akaivuta futi shingoni kwangu kama alivyozoea kufanya akitaka kupima kitu, akaanza kuweka alama kwa penseli, moja baada ya nyingine, akinung'unika namba. Alikuwa anaimba kidogo. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu tumzike mtoto.

Niliwaza njia zote. Niliwaza kumnong'oneza binti yangu akipokee, ashukuru, akitupe. Lakini yule hajui kuficha kitu, uso wake ni dirisha lisilo na pazia, na baba yake angemsoma siku ya kwanza. Niliwaza kukiiba hiki nacho, lakini angetengeneza kingine. Mti haujaisha duniani. Nikisema namuua mmoja, nikinyamaza namuua mwingine, ndivyo nilivyoona hesabu yangu ilivyokaa: ninyamaze nimlinde mzee, au niseme nimlinde binti. Nilimchukia Mungu kidogo siku hiyo, nikamwomba radhi, nikamchukia tena.

Kesho yake mchana akaja jikoni kuchoma alama. Aliushika msumari kwa koleo juu ya moto wa gesi, akauacha mpaka ukawa mwekundu, akachoma alama ya kwanza. Harufu ya mti unaoungua ikajaa jikoni. Alipourudisha msumari motoni nikazima jiko.

"Vipi tena?"

Nikachukua sufuria pana na lile jagi jembamba, nikaviweka mezani, nikamimina maji, nusu yake yakamwagika mezani. Nikakichukua kijiti kipya mkononi mwake. Nikakisimamisha kwenye sufuria, nikakitoa, nikamwonyesha. Nikakisimamisha kwenye jagi, nikakitoa, nikamwonyesha.

Mimi nilihitaji kuelezwa. Yeye hakuhitaji. Nilimwona akielewa, na kama kuna jambo moja ningeomba lifutwe kichwani mwangu, ni uso ule.

"Ile mpya," akasema. "Ina matangi mafupi."

"Ndiyo."

"Nani kakwambia?"

"Yule kijana mchunguzi. Siku mliyokwenda kliniki."

Nilisubiri apige kelele. Ningefurahi angepiga kelele, angenitukana hata. Akakipangusa kijiti kwa shati lake, juu mpaka chini, kama anavyofanya rubani akimaliza kupima.

"Cha ndege ile kilikuwepo?"

Hapo ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshakuwa hodari.

"Kilikuwepo. Nyuma ya kiti chake."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi ndiye niliyemwambia hiki hakidanganyi," akasema, na akakaa chini, sakafuni pale pale, mgongo kwenye kabati. Nikakaa naye. Ndivyo binti yetu alivyotukuta.

Baba yake alimwambia mwenyewe, wala hakumung'unya maneno. Alimwambia kila ndege na kijiti chake, na mshale ukionyesha chini aamini mshale, ashuke, akapime tena akiwa ardhini, hata kama abiria watamtukana. Kijiti kipya akakivunja kwa goti. Cha zamani nikakitoa sandukuni, na yeye akakitazama kwa muda mrefu bila kukigusa. Kesho yake alikwenda kwa miguu nyumbani kwa fundi wa injini. Sijui walisemezana nini. Alirudi fundi akiwa amemshika kiwiko, na wote wawili macho yamevimba, nikawapa chai na safari hii wakainywa.

Nilidhani tumeshavuka. Lakini Mzee Nusu hakurudi. Gesi ikaniishia wali ukiwa haujaiva, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu tuoane. Pipa likakauka. Alikuwa akipita mbele ya mtungi kama hauoni. Nikaanza kuutikisa mimi, nikaanza kugonga pipa mimi, vidole vyangu havijui hata sauti ipi ni ya nini.

Kisha asubuhi moja akachukua gari na hakurudi kwa saa aliyosema. Nilimfuata kwa miguu nikiulizia njiani, nimejawa na hasira na hofu, sijui ipi ilikuwa mbele. Nilimkuta kwenye barabara moja iliyonyooka nyuma ya viwanda, ambako magari ni ya nadra. Gari lilikuwa pembeni, vioo vimepandishwa, yeye ndani, mikono yote miwili kwenye usukani.

Nikafungua mlango maneno yakiwa tayari mdomoni.

"Limeisha mafuta," akasema.

"Mzee Nusu mzima wewe! Umesahauje?"

"Sikusahau. Nililiacha liishe."

Nikamtazama. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa.

"Nilitaka kusikia alichosikia," akasema. "Linakohoa kwanza. Halafu linarudi. Pale linaporudi, mama watoto, mtu anapata matumaini. Halafu kimya." Akageuza ufunguo, injini ikahangaika, ikanyamaza. "Angejua mafuta yameisha, angeyachukua yale malisho ya kushoto. Alikuwa juu kiasi cha kutosha. Nilimfundisha mwenyewe, injini ikizima chagua uwanja kwanza. Lakini alijua mafuta yapo, kwa hiyo alikuwa anatafuta kosa. Akalitafuta kwenye pampu. Akalitafuta kwenye swichi. Yule mtoto alilitafuta kila mahali, isipokuwa kwangu."

Nilizunguka gari, nikaingia upande wa abiria, nikafunga mlango. Aligeuza ufunguo tena, na tena, nami sikumzuia.